Mzee, kazi ya setilaiti si lazima uende angani

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Masasi na Newala kufuatilia habari ya watoto njiti, ile mliyoisoma katika ukurasa huu wiki iliyopita. Nilirudi na swali ambalo halikuwemo kabisa kwenye daftari langu la afya, na niliahidi kulitafutia majibu kabla dirisha la kubadili tahasusi halijafungwa.

Ilikuwa hivi. Nilipomaliza kazi Masasi nilipanda gari la Newala kwenda kumsalimia bibi. Jioni, tukiwa barazani, akaja jirani yake, mkulima wa korosho, amefuatana na binti yake aliyemaliza kidato cha nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za Masasi?"

Baada ya salamu akaingia moja kwa moja kwenye lililomleta. "Mwanangu, wewe unaandika mambo ya afya. Nisaidie kuzungumza na mdogo wako huyu. Kapangiwa PCM. Mimi namwambia abadilishe achukue PCB, awe nesi au daktari, kazi zinazojulikana. Yeye anasema anataka kazi ya kupima setilaiti. Setilaiti! Hapa Newala nani aliwahi kuiona?"

Binti alikuwa ameinamisha kichwa, lakini hakunyamaza. Alisema kwa sauti ndogo: "Baba, si kwenda angani. Ni kuipima kabla haijaondoka. Nitabaki chini."

"Kama ni kubaki chini," mzee akajibu, "basi baki hapa hapa ubangue korosho."

Tulicheka wote isipokuwa binti. Nikaona machozi yanamlenga. Nikajua pale hakuna utani. Mzee ana hela ya korosho iliyobaki, inatosha kumpeleka mtoto shule ya bweni mkoa mwingine, na haitoshi kukosea mara mbili. Binti alikuwa ameona kwenye simu ya kaka yake video ya vijana wa Uganda waliotengeneza setilaiti, na tangu siku hiyo hana wazo jingine.

Mzee alitaka mimi, mwandishi wa afya, nimsukume binti kwenye afya. Nikamwambia, "Mzee nipe siku chache. Niulize kwanza hiyo kazi ni ipi." Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake anayebishana na mtoto wake juu ya herufi tatu.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Setilaiti ikishatengenezwa hairushwi siku hiyo hiyo. Hukaa miezi, mara nyingine miaka, ikipimwa chini. Wakati huo wote ipo ndani ya chumba kisafi, watu wamevaa makoti, kofia na glovu kama wanaingia chumba cha upasuaji, kwa sababu unywele mmoja au vumbi kidogo linaweza kuharibu kamera au kiungio cha waya.

Humo ndani hakuna jua, na setilaiti huishi kwa umeme wa jua. Kwa hiyo lazima kuwe na mtambo unaojifanya jua: unaipa setilaiti umeme kama ule ambao paneli zake zitautoa ikiwa juu. Kuna mtambo mwingine unaochaji betri yake. Mwingine unazungumza nayo, unaiamuru iwashe kamera, na kusikiliza kama imejibu. Mwingine unaandika kila volti, kila nyuzi ya joto na kila sekunde. Mitambo hiyo haiendi angani hata siku moja, inabaki ardhini. Anayeibuni, anayeiunganisha na kuisimamia ndiye mhandisi wa mitambo ya umeme ya ardhini. Ndiyo kazi anayoitaka binti wa Newala.

Mzazi uliyewahi kulaza mtoto njiti utanielewa haraka. Yule mtoto yupo kwenye kisanduku chenye joto, ana waya kifuani, mashine inaonyesha mapigo ya moyo na oksijeni. Mashine zile si sehemu ya mwili wake na hatakwenda nazo nyumbani. Lakini bila hizo, na bila mtu anayejua kuzisoma, huwezi kujua kama yuko tayari kutoka.

Hata jina la waya mkubwa unaounganisha setilaiti na mitambo ya ardhini wamelitoa kwetu sisi watu wa habari za uzazi. Unaitwa waya wa kitovu. Unapitisha umeme na taarifa, na kwenye roketi nyingi unabaki umechomekwa hadi dakika za mwisho. Roketi ikiondoka, waya unakatika. Kuanzia hapo chombo kinajitegemea, na kwa setilaiti nyingi hakuna fundi atakayekifuata huko juu na bisibisi. Kama kuna kasoro iliyopita bila kuonekana, imepita.

INATIKISWA, INACHEMSHWA, INAGANDISHWA

Vipimo vyenyewe ni vya kikatili kidogo. Setilaiti hufungwa juu ya meza inayotikisika kwa nguvu, kama gari bovu kwenye barabara ya makorongo, ili waone kama itahimili kelele na mtikisiko wa roketi. Halafu huingizwa kwenye tangi kubwa la chuma, hewa yote ikanyonywa, kisha wakaipasha joto na kuipoza, tena na tena. Setilaiti inayozunguka kilomita 400 hivi juu yetu huizunguka dunia kwa takriban saa moja na nusu. Kwa siku moja inaingia juani na kutoka kivulini kama mara 16. Hakuna hewa ya kupooza. Lazima ijaribiwe hapa chini, mahali ambapo bado unaweza kuifungua.

Jaribio la tangi likianza halisimami usiku. Huenda siku kadhaa mfululizo, kwa hiyo wahandisi hupokezana zamu kama manesi: anayeondoka anaandika kila kitu kwenye kitabu, anayeingia anasoma kabla hajagusa kitu. Umeme ukikatika, mitambo ya akiba lazima ishike papo hapo, maana betri ya setilaiti iliyoachwa vibaya inaweza kuharibika au kupata moto.

Kabla ya kuchomeka waya wowote, mhandisi huupima kwanza pini kwa pini: pini hii ina volti ngapi, ile ina ngapi, ndivyo ilivyoandikwa kwenye mchoro? Mwenzake anasimama pembeni anasoma maelekezo kwa sauti na kuweka tiki. Mara ngapi kiungio kimechomekwa na kuchomolewa, nayo inaandikwa, kwa sababu pini huchoka. Mkononi mhandisi anavaa mkanda uliounganishwa na waya wa ethi. Ule umeme mdogo unaokushtua ukivua sweta wakati wa kipupwe, ambao kwako ni kero tu, unatosha kuua kifaa kidogo cha elektroniki bila hata kutoa cheche inayoonekana.

Nilipofika hapo nikamkumbuka bibi yangu. Hajawahi kumwogesha mtoto bila kuingiza kwanza kiwiko chake ndani ya maji.

KOSA LA VOLTI 65

Mzee aliniuliza swali zuri siku ile: "Hiyo ya kupima tu, ni kazi kweli?" Nitamjibu kwa kisa cha kweli.

Aprili 1970 Marekani ilipeleka watu watatu kuelekea mwezini kwa chombo kilichoitwa Apollo 13: James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise. Usiku wa Aprili 13, kwa saa za Marekani, wakiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani, tangi moja la oksijeni lililipuka. Umeme na oksijeni vikaanza kuisha. Safari ya mwezini ikafa pale pale, ikabaki safari ya kurudi nyumbani. Walirudi hai Aprili 17, na dunia nzima ilikuwa ikifuatilia redioni.

Watu wengi wanajua hadi hapo. Sehemu isiyosimuliwa sana ni chanzo, na chanzo kilikuwa ardhini.

Ndani ya tangi lile kulikuwa na hita, na swichi ndogo za kuizima joto likizidi. Swichi zilitengenezwa kwa volti 28, umeme wa chombo chenyewe. Baadaye ikaonekana kwamba mitambo ya ardhini kule uwanja wa kurushia ingelipa tangi volti 65, na maelekezo yakabadilishwa. Swichi hazikubadilishwa. Karatasi zilipita mikono mingi, na hakuna aliyeligundua hilo.

Mwezi mmoja hivi kabla ya safari, tangi lilijazwa kwa majaribio na likakataa kutoka oksijeni kama kawaida. Mafundi wakaamua kuwasha hita ili oksijeni ichemke itoke. Hita ikawaka kwa saa nane. Swichi zilipojaribu kukata umeme wa volti 65, zikaungua na kugandana, hazikuachia tena. Joto likaendelea kupanda. Kipimo alichokuwa akikiangalia fundi kiliishia karibu nyuzi 30. Hakikutengenezwa kuonyesha zaidi ya hapo. Yeye akaona kimetulia, akaamini mambo ni mazuri. Wachunguzi walikuja kukadiria kwamba ndani, karibu na hita, joto lilipita nyuzi 500. Maganda ya waya yakaungua. Tangi likapanda angani na waya zilizo uchi ndani ya oksijeni, likisubiri cheche moja.

Soma tena kile kipimo kilichoishia nyuzi 30. Mimi kama mwandishi wa afya hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Ni mara ngapi tumesimama mbele ya mashine au karatasi, ikasema "kawaida", na hatukuuliza mwisho wake ni wapi? Kazi ya mhandisi wa ardhini ni kuuliza hilo kabla hajaweka sahihi.

NILICHOKIONA WODINI

Hapo nikakumbuka jambo nililowahi kuliona, na ndilo nililomsimulia mzee kwa simu juzi.

Mwaka fulani niliingia wodi ya watoto wachanga katika kituo kimoja cha afya, si Newala wala Masasi, na sitakitaja. Pembeni palikuwa na mashine ya kutengeneza oksijeni, mpya, imefunikwa kitenge. Nikamuuliza nesi mbona haitumiki. Akasema: "Ilikuja nzima dada. Ilikuwa msaada. Tukaichomeka, ikatoa moshi." Nikafunua kitenge nikatazama kibao chake nyuma. Iliandikwa volti 110. Umeme wetu ni 230.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Aliyetoa alikuwa na nia njema, na nesi alitaka kumwokoa mtoto. Alikosekana mtu mmoja wa kusoma kibao na kupima soketi kabla ya kuchomeka. Ni kosa lile lile la tangi la Apollo: umeme wa ardhini haukulingana na kifaa, na hakuna aliyesimama katikati kuuliza.

Mzee alikaa kimya kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Kwa hiyo aliyekosekana pale hakuwa daktari." Nikamwambia ndiyo mzee, daktari alikuwepo.

WENZETU WALIOTANGULIA

Tuje kwenye swali lake la pili: je, hii si kazi ya Wazungu?

Wale vijana aliowaona binti kwenye simu ni Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derick Tebusweke, wahandisi wa Uganda. Walikwenda kusoma Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japan, na huko wakabuni, wakaunganisha na kupima setilaiti ya kwanza ya nchi yao, PearlAfricaSat-1. Walikuwa ndani ya mradi mmoja na wenzao wa Zimbabwe na Japan. Setilaiti yenyewe ni kisanduku cha sentimita 10 kila upande, unaweza kukishika kwa kiganja. Ilirushwa Novemba 7, 2022 kutoka Virginia, Marekani, hadi kituo cha kimataifa cha anga, na Desemba 2 mwaka huo ikaachiwa kuanza kuizunguka dunia.

Visanduku vya aina hiyo husafiri vikiwa vimezimwa kabisa. Pembeni vina swichi ndogo zinazobanwa na ukuta wa kasha lao. Vikisukumwa nje, swichi zinaachia, setilaiti inaamka yenyewe, na inatakiwa kusubiri dakika 30 kabla ya kukunjua antena zake. Je, swichi itaachia? Saa yake itahesabu sawasawa? Antena itafunguka ikiwa imepigwa na baridi? Yote hayo vijana huyajibu wakiwa chini, mezani, kwa kurudia mara nyingi hadi wanachoka.

Kenya wametangulia zaidi. Mei 11, 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka kituo hicho hicho cha anga. Aprili 15, 2023 ikafuata Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya na kupimwa kwa kushirikiana na kampuni ya Bulgaria, ikarushwa kutoka California baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja. Rwanda nao waliachia yao, RWASAT-1, mwaka 2019.

Na kama mzee anadhani mambo haya ni mapya kwenye pwani yetu, nina kisa cha zamani. Desemba 12, 1970, miezi minane baada ya ajali ya Apollo 13, roketi iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, bahari hii hii inayopiga ufukwe wa Mtwara. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano. Wahandisi walisimamia urushaji kutoka jukwaa jingine la jirani, nyaya zikiyaunganisha majukwaa yale mawili. Juu ya roketi kulikuwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, waliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Msimamizi wa mradi huo alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme wa NASA na mama wa watoto wanne. Mwaka 1951 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, ikachora ramani ya vyanzo zaidi ya 300 vya eksirei angani, na mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Yule mama hakwenda angani. Alibaki chini, kwenye joto la Malindi.

HOFU ZA MZAZI, TUZISEME WAZI

Sitaki kumdanganya mzee wala mzazi yeyote. Akiniuliza leo, "Mwanangu akimaliza, hapa Tanzania ataajiriwa wapi kupima setilaiti?", siwezi kumwonyesha foleni ya waajiri. Ukweli ni kwamba wengi wa Afrika Mashariki walioifanya kazi hii walilazimika kwenda nje kwa ufadhili kujifunza, na maabara kubwa za vipimo ziko nje.

Lakini mtazame aliyejifunza kazi hii ana nini mkononi. Anajua umeme, elektroniki, betri, sola, mawasiliano na programu za kompyuta. Anajua kupima kabla ya kuchomeka, na kuandika alichokifanya. Mtu huyo anahitajika kwenye mashine za hospitali. Anahitajika kwenye minara ya simu, kwenye mitambo ya sola na kwenye mitambo ya gesi na umeme ya Mtwara. Anahitajika Newala kwenyewe: uwanda wa Makonde hauna mto juu yake, na wazee wanakumbuka maji yalivyofuatwa bondeni kwa kichwa. Leo maji yanapandishwa na pampu. Pampu ikiungua, anayeitwa si daktari, na bila maji daktari mwenyewe hawezi kunawa mikono.

Kuhusu njia, zipo mbili. Ya kwanza ni kidato cha tano na sita kwa PCM, halafu shahada ya uhandisi wa umeme, elektroniki au mawasiliano, mfano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Ya pili ni stashahada baada ya kidato cha nne, katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, kisha anapanda ngazi. Kuna mikopo ya elimu ya juu, na wanaofanya vizuri sana sayansi kidato cha sita wana nafasi ya kushindania Samia Scholarship. Kwa PCB, mlango wa uhandisi wa umeme unakuwa mwembamba, kwa sababu hesabu ya juu ndiyo mguu wa kazi hii. Mzazi anayebadilisha herufi moja kwenye fomu ajue anabadilisha na hilo.

Upande wa afya, kazi ina hatari zake: umeme mkubwa, betri zinazoweza kushika moto, zamu za usiku, na gesi ya naitrojeni inayotumika kwenye matangi, ambayo haina harufu na ikijaa chumbani inaondoa oksijeni. Ndiyo maana kwenye vyumba vile kuna ving'ora vya oksijeni, kitufe chekundu cha kuzima kila kitu, na sheria kwamba huingii peke yako. Hakuna hatari hata moja kati ya hizo inayomchagua mwanamke kuliko mwanaume.

MZAZI AFANYE NINI NYUMBANI

Mtoto anayependa kufungua redio na tochi ni baraka, lakini pia ni mgeni wa chumba cha dharura asipolelewa vizuri. Nimewauliza wataalamu wa pande zote mbili, afya na umeme, na haya ndiyo ninayoweza kumshauri mzazi:

Mpe vya betri, mnyime vya ukutani. Tochi mbovu, redio ya mawe mawili, kipaneli kidogo cha sola. Televisheni na chaja zilizochomekwa asifungue. Televisheni za zamani, zile zenye mgongo, zinaweza kubaki na umeme hata zikiwa zimechomolewa.

Zile betri ndogo bapa kama kifungo cha shati zifungiwe mbali na wadogo. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Usimtapishe, usisubiri aitoe chooni. Mkimbize hospitali na useme wazi kwamba amemeza betri.

Mtu akinaswa na umeme, usimvute kwa mkono. Zima swichi kuu kwanza. Hata akiamka anacheka, mpeleke akapimwe moyo.

Mfundishe kusoma kibao. Kila kifaa kinachoingia ndani, mwambie mtoto atafute palipoandikwa volti na awasomee wote kabla hakijachomekwa. Hiyo ni kazi ya dakika moja, na ndiyo kazi yenyewe ya setilaiti kwa udogo wake.

Mnunulie daftari. Akifungua kitu aandike: nimekuta nini, nimefanya nini, kimetokea nini. Kinachomtofautisha mhandisi na mharibifu mara nyingi ni hilo daftari.

Mwisho, msikilize kwanza kabla hujamchagulia. Simaanishi kila ndoto ya mtoto ilipiwe ada. Naomba tu mzazi aulize, kama yule mhandisi na waya wake: hiki ninachokichomeka kwa mwanangu, kinalingana naye?

MZEE ALIVYOAMUA

Juzi usiku nilimpigia mzee nikamweleza yote haya. Aliuliza kuhusu ada, akauliza umbali wa shule, akauliza tena kuhusu yule mama wa Malindi, kama kweli alikuwa na watoto wanne. Nikamwambia ndiyo. "Na mumewe?" Nikasema mumewe alikuwa daktari. Mzee akacheka sana. "Basi nyumba ile ilikuwa na kila kitu."

Hakuniambia ameamua nini, na mimi sikumuuliza. Si mwanangu, na hela ya korosho si yangu.

Jana asubuhi nikapata ujumbe wa sauti kutoka simu ya kaka yake binti. Ni sauti ya mzee, nyuma yake majogoo yanawika: "Mwanangu, fomu tumeiacha kama ilivyo. PCM hiyo hiyo. Sasa huyu mdogo wako ameanza vituko, jana kanizuia kuchomeka redio mpaka asome nyuma. Lakini mwambie, akianza maneno ya kwenda mwezini, nambadilishia."

Nimemwambia. Tukutane wiki ijayo, tutazungumzia salfa ya mikorosho na kifua cha mtoto.